Mendel: Mtawa wa njegere anayemfaa mkulima wa michikichi

MKULIMA wa Ifakara amezoea kuchagua masuke mazuri ya mpunga na kuyaweka kwa mbegu ya msimu ujao. Kwa SARO 5 njia hiyo humfaa kwa misimu kadhaa, kwa sababu mpunga hujichavusha wenyewe. Akifanya hivyo kwa mchikichi, hasara ataiona baada ya miaka mitatu au minne, miti itakapoanza kuzaa.

Sababu yake iligunduliwa na Gregor Mendel, mtu ambaye hakuwahi kulima mchikichi.

Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kiko Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Baba yake alipoumia na kushindwa kazi za shamba, fedha za masomo zikawa shida, hadi dada yake mdogo akatoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ndoa yake. Mwaka 1843 aliingia utawa mjini Brno.

Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Wakubwa wake walimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853, alikosoma fizikia, hesabu na elimu ya mimea.

Kati ya 1856 na 1863 alipanda njegere katika bustani ya utawa, akizichavusha kwa mkono na kuhesabu kila uzao. Alichanganya zenye mbegu laini na zenye mikunjo. Uzao wa kwanza wote ulikuwa laini. Mimea ya uzao huo ilipojichavusha yenyewe, ilitoa mbegu laini 5,474 na zenye mikunjo 1,850, yaani karibu tatu kwa moja.

Alitambua kuwa mmea hupokea sehemu moja ya kila sifa kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na sifa iliyojificha haipotei.

Alitoa matokeo hayo mwaka 1865, yakachapishwa 1866, lakini wachache waliyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na shughuli za utawala pamoja na mgogoro wa kodi na serikali zikamla muda. Alifariki Januari 6, 1884. Thamani ya kazi yake ilitambuliwa mwaka 1900.

Kwa michikichi, faida ilipatikana Yangambi, karibu na Kisangani nchini Kongo. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kuwa unene wa ganda la kokwa hufuata kanuni ya Mendel. Dura ina ganda nene na nyama kidogo. Pisifera haina ganda, na mara nyingi haizai. Ukizichanganya hizo mbili unapata tenera, yenye ganda jembamba na mafuta zaidi ya dura kwa takriban asilimia 30.

Hapo ndipo mkulima huumia. Mbegu za tenera iliyochavushwa na tenera hutoa robo dura, nusu tenera na robo pisifera. Ekari moja hubeba michikichi kama 58 kwa nafasi ya mita 9. Kwa mbegu hizo, kama 14 inaweza kuwa tasa na mingine 14 ikawa ya ganda nene. Kwa macho huwezi kuitenga ikiwa bado miche, na shamba hilo utalitunza kwa miaka 25 hivi.

Kwa hiyo mkulima wa Kilombero anayefikiria michikichi anunue miche ya tenera yenye chanzo kinachojulikana. Kituo cha TARI Kihinga, Kigoma, ndicho kilichopewa jukumu la utafiti wa zao hili tangu kampeni ya kulifufua ilipoanza mwaka 2018.

Mbegu bora pekee haitoshi. Mchikichi hupenda mvua ya mwaka mzima, na bondeni kiangazi hushika kuanzia Juni hadi Oktoba. Maji yanayotuama muda mrefu pia huudhoofisha. Ni vema kuomba ushauri wa TARI Ifakara au ofisa ugani na kuanza na eneo dogo.

Faida nyingine ni ya ardhi. Ekari inayotoa mafuta zaidi hupunguza haja ya kufyeka msitu wa Udzungwa au kuvamia ardhi oevu ya bonde, ambayo mto na mashamba ya mpunga huitegemea kwa maji.