Shekhar Mehta: Alihama Uganda 1972, akabeba Safari Rally mara 5

Pasaka ya mwaka 1979, Mercedes-Benz ilileta kwenye Safari Rally gari ambalo wengi hawakutegemea kuliona kwenye matope ya Afrika Mashariki. Lilikuwa 450 SLC, injini ya V8 ya lita 5, tena otomatiki. Aliyelipiku alikuwa mzaliwa wa Uganda akiendesha Datsun 160J, gari dogo la silinda 4 na gia za mkono.

Jina lake ni Shekhar Mehta. Vijana wengi leo hawamjui, ila baba zao waliokuwa wakifuatilia mbio hizo redioni wanamkumbuka vizuri.

Kijana wa mashambani

Mehta alizaliwa Uganda Juni 20, 1945, katika familia ya Wahindi yenye mashamba makubwa. Alianza mbio za magari akiwa na miaka 21, kwa BMW. Mwaka 1971 tayari alishika nafasi ya pili kwenye Safari akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann.

Enzi hizo mashindano hayakuwa ya Kenya peke yake. Yalianza mwaka 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1972 yalianzia Dar es Salaam. Yalipangwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea. Mtu wa Bahi au Kondoa hahitaji kuelezwa udongo mweusi unavyolishika tairi mvua ikinyesha. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu.

Mwaka huohuo wa 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Familia ya Mehta ikahamia Kenya.

Miezi michache baadaye, Aprili 1973, Mehta akashinda Safari kwa mara ya kwanza, Lofty Drews akiwa msoma ramani wake. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kubanana. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza sawa kwa pointi za adhabu. Ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuadhibiwa, na huyo alikuwa Mehta. Ulikuwa pia mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa ralli.

Kwa nini otomatiki kwenye ralli?

Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia boksi kuna torki konveta, chombo cha duara kilichojaa oili. Injini inazungusha pangaboi la upande mmoja, oili inasukuma pangaboi la upande wa pili, gari linaondoka. Wakati wa kuondoka, chombo hicho kinaongeza nguvu ya msukumo, mara nyingi karibu maradufu.

Kwenye matope faida yake inaonekana. Hakuna klachi ya kuungua, gari halizimi ovyo, na nguvu inafika kwenye tairi taratibu.

Lakini kila torki konveta ina kikomo chake, ambacho mafundi wanakiita stoli. Ukishika breki na kukanyaga mafuta hadi mwisho, injini itapanda hadi mizunguko fulani kisha itagoma kuzidi hapo. Kwenye gari la kawaida mara nyingi ni mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Kwenye magari ya mbio fupi za kunyooka, zile za mita 400 hivi, inaweza kupita 4,000.

Wa mbio fupi wanataka stoli ya juu kwa sababu injini zao zinapata nguvu kwenye mizunguko mikubwa. Stoli ikiwa chini mno, gari linaondoka kinyonge. Ikiwa juu mno, oili inateleza bila kusukuma na inachemka. Wao wanavumilia joto hilo kwa sababu mbio zao zinaisha ndani ya sekunde chache.

Safari ilikuwa na urefu wa maelfu ya kilomita. Huko gari linapanda milima kwa mwendo mdogo, na oili ikichemka ndiyo safari imeisha. Ndiyo maana torki konveta inayofaa mbio fupi ingemuua dereva wa Safari, na inayofaa Safari ingeachwa kwenye mbio fupi. Anayechagua anaangalia kwanza uzito wa gari, mahali injini inapopata nguvu, na barabara yenyewe.

Alibaki na alichokijua

Mercedes walikuwa na hesabu zao, na hazikuwa mbaya. Mwaka 1979 Hannu Mikkola alilileta gari lao nafasi ya pili Kenya, na baadaye mwaka huohuo akashinda nalo ralli ya Ivory Coast. Mwaka 1980 Vic Preston Junior alishika nafasi ya tatu kwenye Safari kwa gari la aina hiyo. Mwisho wa mwaka huo kampuni ikajitoa.

Mehta hakuyumba. Ushindi wake wote 5 aliupata kwa Datsun, magari ya kampuni ya Nissan. Baada ya 1973 alishinda 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka 4 mfululizo, Mike Doughty akiwa msoma ramani. Mwaka 1982 aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl, bingwa wa dunia wa mwaka huo. Kabla ya Mehta, Joginder Singh wa Kenya alikuwa ameshinda mara 3.

Kwenye mashindano mengine duniani, msoma ramani wake mara nyingi alikuwa mke wake, Yvonne. Mwaka 1981 Mehta alimaliza wa tano kwenye ubingwa wa dunia.

Ajali iliyomstaafisha

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye Ralli ya Mafarao nchini Misri, na udereva ukaishia hapo. Akahamia kwenye uongozi, akawa mmoja wa wakuu wa masuala ya ralli katika FIA, shirikisho la dunia la mchezo huo.

Safari Rally iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Mehta alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na miaka 60. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, miaka 15 baada ya kifo chake.