Bibi Fatma Aliyeuza Vito vyake Chuo Kijengwe

Kila ninapopita Mji wa Kale, hapa Mombasa, nikaona nyumba na maduka yaliyowekwa wakfu na wazee wetu kwa ajili ya misikiti, mimi humkumbuka bibi mmoja wa Misri ambaye wakfu wake aliupeleka kwenye chuo kikuu. Jina lake ni Fatma binti Ismail, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Bibi Fatma alizaliwa mwaka wa 1853. Babake ni Khedive Ismail, ambaye katika enzi yake ulifunguliwa Mfereji wa Suez mwaka wa 1869. Aliolewa na Tusun Pasha, lakini mumewe alifariki mwaka wa 1876, akamwacha mjane angali kijana. Miaka mitatu baadaye babake akaondolewa kitini kwa sababu ya madeni ya nchi, na mwaka wa 1882 majeshi ya Uingereza yakaingia Misri. Basi ingawa alilelewa katika majumba ya kifalme, aliyaona pia mabadiliko ya dunia.

Mwaka wa 1906 Wamisri walianza kuchanga fedha ili wawe na chuo kikuu chao cha elimu za kisasa. Lord Cromer, aliyeiwakilisha Uingereza huko, hakuupenda mpango huo. Hata hivyo matajiri na watu wa kawaida walichanga, na chuo kikafunguliwa Kairo tarehe 21 Desemba 1908. Kilikuwa cha watu binafsi, si cha serikali, tena hakikuwa na nyumba yake. Wanafunzi walisomea katika jumba la kupanga, na kodi ikazidi kuila hazina ya chuo.

Tabibu wa Bibi Fatma, Dakta Muhammad Alwi Pasha, alikuwa miongoni mwa waliokisimamia chuo hicho. Yeye ndiye aliyemweleza bibi huyo taabu iliyokuwapo. Bibi Fatma akatoa feddani 6 za ardhi ili chuo kijengwe, na feddani moja inazidi eka kwa kiasi kidogo tu. Kisha akaweka wakfu mapato ya feddani 661 za mashamba yake. Juu ya hayo akavitoa vito vyake viuzwe, fedha zigharimie ujenzi.

Sisi Waislamu twajua kwamba dhahabu ya mwanamke ni mali yake mwenyewe, na hata mumewe hana haki nayo pasipo ridhaa yake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Bibi huyu alikuwa na utajiri, lakini matajiri walikuwa wengi Kairo, na walioviuza vito vyao walikuwa wangapi?

Jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Machi 1914, mbele ya Khedive Abbas Hilmi. Mwaka huo huo chuo kilitoa shahada yake ya kwanza ya udaktari, akaipata kijana kipofu kutoka kijijini, Taha Hussein. Alipokuwa Waziri wa Elimu mwaka wa 1950, kijana huyo ndiye aliyeondoa karo katika shule za sekondari. Bibi Fatma hakuyaona hayo, kwani alifariki mwaka wa 1920. Mwaka wa 1925 chuo kikawa cha serikali, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Kairo.

Wako wasemao kwamba serikali ikichukua kilichojengwa kwa sadaka, mtoaji amepotewa. Maneno hayo nimeyasikia hata hapa kwetu juu ya chuo cha MIOME, kilichoanzishwa mwaka wa 1948 kwa misaada ya Seyyid Khalifa bin Harub, Aga Khan, Mabohora na wengineo, ili vijana wa Kiislamu wapate ufundi. Serikali ilikichukua mwaka wa 1966, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Uchungu wa wasemao hivyo naufahamu. Lakini naona sadaka ya elimu haipotei maadamu yuko mtoto anayesoma. Hasara ni kwamba wako vijana wetu walioitwa vyuoni wakakaa nyumbani kwa kukosa karo, hali sisi wenye uwezo twangoja serikali.

Misikiti tumejenga, alhamdulillahi. Na wanafunzi je, nani atawawekea wakfu?