Maisha ya Kadhi Ibn Rushd na Mji wa Kuta Nyekundu



Kama siku moja utajaliwa kufika Marrakesh, mji wa kale wa Moroko ulio karibu na milima ya Atlas, jambo la kwanza utakaloliona ni ukuta. Ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa, mrefu na mwekundu, nao wauzunguka mji wa kale kwa mwendo wa kilomita kadhaa. Tarehe 8 Septemba 2023 tetemeko la ardhi liliharibu baadhi ya sehemu zake, lakini sehemu iliyo kubwa ingali imesimama.

Mji huo ulianzishwa kiasi cha mwaka 1070 na watawala walioitwa Murabitun, na kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini ulikaa bila ya ukuta wa kuuzunguka. Kisha katika mwaka 1126 kadhi mmoja mwenye sifa kubwa alikuja kutoka Cordoba, katika Hispania ya Waislamu, akamshauri mtawala Ali bin Yusuf aujengee mji wake ukuta, kwani maadui walikuwa wakipata nguvu milimani. Kadhi huyo aliitwa Abul-Walid Muhammad Ibn Rushd. Mwaka huo huo alifariki dunia, na mwaka huo huo alizaliwa mjukuu wake huko Cordoba, akapewa jina lile lile la babu yake. Mjukuu huyo ndiye Ibn Rushd ambaye ulimwengu wote wamjua, na ambaye watu wa Ulaya walimwita Averroes. Ndani ya ukuta ulioshauriwa na babu yake aliheshimiwa, na ndani ya ukuta huo alifariki. Basi twende pamoja, ndugu msomaji, tukaingie katika mji huo ili tuyatazame maisha yake.

Ukipita langoni utajikuta katika njia nyembamba zenye kupinda. Huku wafua shaba wanagonga nyundo zao, kule ngozi zilizotiwa rangi zinakaushwa juani, na punda waliobeba mizigo wanapita katikati ya watu. Hapo hapo utauona kwa mbali mnara wa msikiti wa Kutubiyya, wenye urefu wa mita 77. Jina hilo linatokana na wauza vitabu waliokuwa na soko lao karibu na msikiti huo. Tafadhali likumbuke jina hilo, kwani habari tunayoieleza ni habari ya mtu na vitabu vyake.

Ibn Rushd alilelewa katika nyumba ya dini. Baba yake naye alikuwa kadhi, na kwake aliihifadhi Muwatta ya Imam Malik, rehema za Mungu ziwe juu yake. Kisha akasoma sheria, utabibu, hesabu na elimu ya nyota. Husimuliwa kwamba tangu alipopata akili hakuacha kusoma na kuandika isipokuwa mara mbili tu: usiku aliofariki baba yake, na usiku wa harusi yake.

Mwaka 1147 watawala wapya, yaani Muwahhidun, waliuteka mji wa Marrakesh. Mwaka 1153 twamwona Ibn Rushd katika nchi hiyo, naye ni kijana wa miaka 27, akizitazama nyota. Huko aliiona nyota ya Suheli, ambayo mtu aliyeko Cordoba hawezi kuiona. Mabaharia wetu wa pwani waijua sana nyota hiyo ya kusini. Lakini Ibn Rushd hakuishia kuitazama tu, bali alijiuliza: kwa nini nyota hii inaonekana hapa na haionekani kwetu? Akaona kwamba hiyo ni dalili ya kuwa dunia ni mviringo, kama walivyosema wanahekima wa kale.

Kiasi cha mwaka 1169 rafiki yake Ibn Tufayl, aliyekuwa tabibu wa mtawala, alimpeleka mbele ya mtawala Abu Yaqub Yusuf. Baada ya kumwuliza jina na ukoo wake, mtawala alimwuliza wanafalsafa wana rai gani juu ya mbingu: je, ni za milele, au ziliumbwa? Ibn Rushd alishikwa na hofu. Alidhani huo ni mtego, akajibu kwamba hajishughulishi na elimu hiyo. Mtawala akatambua hofu yake. Akamgeukia Ibn Tufayl na kuanza kuzungumza naye juu ya Aristotle na Plato, na juu ya majibu waliyopewa na Waislamu, mpaka yule mgeni akatulia na kufungua kinywa chake. Alipoondoka alipewa mali, vazi la heshima na mnyama wa kupanda. Baadaye Ibn Tufayl alimwambia kuwa mtawala anatamani vitabu vya Aristotle vifafanuliwe kwa maneno yaliyo wazi. Kazi hiyo Ibn Rushd aliishika kwa miaka mingi.

Wala usidhani, ndugu msomaji, kwamba falsafa ilimtoa katika dini. Mwaka 1169 alifanywa kadhi wa Sevilla, na kisha akawa kadhi katika mji wake wa Cordoba. Aliandika kitabu kikubwa cha sheria kiitwacho Bidayat al-Mujtahid, ambacho wanafunzi wa dini wangali wanakisoma hata leo. Katika kila swali anataja rai ya Imam Malik, ya Imam Shafi, ya Imam Abu Hanifa na za wengineo, kisha anaeleza sababu iliyowafanya watofautiane. Umepata kumwona Mwislamu mmoja akifunga mikono katika sala na mwingine akiiachia, ukashangaa? Kitabu hicho kitakuonyesha kwamba kila mmoja ana hoja yake, na kwamba tofauti hiyo si sababu ya kuvunjiana heshima.

Tena aliandika kitabu kidogo, Fasl al-Maqal, kinachouliza kama sheria ya Kiislamu yaruhusu kuichunguza falsafa. Akajibu kwamba Kurani Tukufu yawaamrisha watu wazingatie viumbe vya Mwenyezi Mungu, na kuzingatia ni kutumia akili. Kwa hiyo kwa mwenye uwezo uchunguzi huo ni wajibu juu yake. Ikiwa maana ya juu juu ya aya yaonekana kupingana na hoja iliyothibiti, aya hiyo yapasa kufasiriwa kwa kanuni za lugha ya Kiarabu, kwa kuwa ukweli wa wahyi na ukweli wa akili watoka kwa Mungu mmoja. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa amewapinga wanafalsafa kwa ukali. Ibn Rushd alimjibu katika kitabu kingine, hoja kwa hoja. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Mwaka 1182 aliitwa Marrakesh kuwa tabibu wa mtawala mahali pa Ibn Tufayl. Alistahili cheo hicho, kwani alikuwa amekwisha andika kitabu cha utabibu kiitwacho Kulliyat. Miaka miwili baadaye mtawala Yusuf alifariki, akatawala mwanawe, Yaqub al-Mansur.

Sasa, ndugu msomaji, tuelekee kusini mwa mji wa kale, tukapite katika lango la mawe liitwalo Bab Agnaou. Lango hili lililochongwa kwa ustadi huingiza katika Kasbah, mtaa wa kifalme alioujenga al-Mansur. Mtawala huyu hakuwa mtu wa kuchukia elimu. Katika mji huu huu alijenga hospitali yenye bustani na maji yanayotiririka, ambamo wagonjwa walitibiwa bure, na maskini aliyepona alipewa fedha za kumtosha mpaka aweze kufanya kazi. Alimpenda Ibn Rushd na kumketisha karibu naye. Lakini mapenzi ya wafalme yana wivu nyuma yake.

Katika mwaka 1195 maadui wa Ibn Rushd walifaulu. Husimuliwa kwamba katika maandishi yake juu ya wanyama alitaja kuwa alimwona twiga kwa mfalme wa Mabarbari, na neno hilo likamchukiza al-Mansur. Ibn Rushd alijitetea kuwa yeye aliandika mfalme wa bara mbili, yaani Afrika na Hispania, na kwamba mnakili amekosea, kwani kwa Kiarabu maneno hayo hufanana sana yakiandikwa. Wengine walileta kurasa zake na kudai kuwa ni za ukafiri. Mzee huyo, aliyekaribia miaka 70, alilaumiwa hadharani, akahamishiwa Lucena, mji mdogo ulio karibu na Cordoba. Ikatolewa amri vitabu vya falsafa vichomwe moto. Vilivyosalimishwa ni vile vya utabibu, vya hesabu, na vya nyota kwa kadiri ya kujua nyakati na kibla.

Lakini moto huo haukuwa uchungu wake mkubwa. Husimuliwa kwamba siku moja aliingia na mwanawe Abdallah katika msikiti wa Cordoba kusali Alasiri, na kundi la watu wajinga likawafukuza. Fikiri, ndugu yangu! Mtu aliyekuwa kadhi wa mji huo, mjukuu wa kadhi wake, aliyeeleza hukumu za sala katika kitabu chake, anatolewa msikitini na watu wasiojua hata ameandika nini!

Haukupita muda mrefu al-Mansur alimsamehe, akamrudisha Marrakesh. Huko alifariki mwezi wa Desemba 1198. Akazikwa nje ya lango liitwalo Bab Taghzut, upande wa kaskazini. Leo mahali hapo pamo ndani ya ukuta, kwa kuwa baadaye mji uliongezwa. Karibu na hapo limo kaburi la Abul-Abbas as-Sabti, mtu wa zama zake, aliyewafundisha watu kutoa sadaka na kuwahurumia vipofu.

Baada ya miezi mitatu mwili wa Ibn Rushd ulifukuliwa ili upelekwe Cordoba kwa baba zake. Ibn Arabi, bwana mashuhuri wa masufi, alikuwa miongoni mwa walioona: jeneza limewekwa upande mmoja wa mnyama, na upande wa pili vimewekwa vitabu vya marehemu, ili mzigo ulingane.

Vitabu hivyo vilisafiri mbali kuliko mwenyewe. Mayahudi walivifasiri kwa Kiebrania, na katika karne ya 13 Wakristo wakavifasiri kwa Kilatini. Thomas Aquinas, mwanazuoni mkubwa wa Wakatoliki, alimpinga katika mambo kadhaa, lakini alisoma kwake. Vingine leo havipatikani tena kwa Kiarabu, bali kwa lugha za wale walioviokota.

Je, katika habari hii hamna somo kwetu? Waliovichoma vitabu walidhani wanailinda dini. Lakini dini ya kweli hailindwi kwa kumfukuza mwulizaji, kama mchana usivyolindwa kwa kufunga madirisha. Na wewe unayeitafuta njia ya Mungu, pengine umekwisha ambiwa kwamba kuuliza ni dalili ya imani haba. Mkumbuke kadhi huyu, ambaye aliuliza maisha yake yote na hakuiacha sala. Uliza kwa adabu, sikiliza hoja ya anayekupinga, na usimhukumu mtu kwa kitabu usichokisoma.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na amrehemu mja wake huyu. Amin.