Karamojo Bell: Risasi ndogo, hesabu kubwa

Wacha nikuulize swali moja kabla hujaendelea kuskroli. Ungeambiwa uende kumwangusha ndovu, mnyama wa tani tano au sita, ungechagua bunduki gani? Najua jibu lako. Ungetaka ile kubwa kuliko zote dukani. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, karibu kila mwindaji mzungu aliyekanyaga Afrika Mashariki alijibu hivyo hivyo. Lakini kulikuwa na Mskoti mmoja aliyepita njia yake, na huyo ndiye nataka umjue leo.

Jina lake Walter Dalrymple Maitland Bell. Alizaliwa mwaka wa 1880 karibu na Edinburgh, katika familia yenye pesa, ila pesa hazikumfaa sana utotoni. Mama alifariki yeye akiwa na miaka 2, baba akafuata alipokuwa na miaka 6. Akabaki mikononi mwa kaka zake. Shule nayo hawakuelewana, akatoroka, na kufikia miaka 13 alikuwa baharini akifanya kazi melini. Mimi mwenyewe chuo niliachia njiani, kwa hivyo kwa hilo simhukumu.

Akiwa bado kijana wa miaka 16 au 17 hivi, alifika kwetu. Reli ya kwenda Uganda ilikuwa inajengwa na simba walikuwa wanawahangaisha wafanyakazi. Bell akapata kazi ya kuwalinda, mkononi ana bunduki ya .303 inayobeba risasi moja tu kwa wakati. Baadaye akavuka hadi Kanada kufuata dhahabu ya Klondike. Dhahabu hakuiona sana, lakini aliwinda nyama ya kuwauzia wachimbaji wa Dawson City, kisha mshirika wake akamruka na pesa. Umewahi kudhulumiwa na mtu mliyeanza naye hasla? Basi unamwelewa.

Ili atoke huko, alijiunga na kikosi cha Kanada kilichopelekwa Afrika Kusini kupigana na Maburu. Farasi wake alipigwa risasi, akatekwa, akatoroka. Kumbuka jambo moja hapa: Maburu wengi walikuwa wanatumia bunduki za Mauser kutoka Ujerumani, zenye risasi nyembamba ya milimita 7. Hiyo risasi tutakutana nayo tena.

Mwaka wa 1902 Bell akarudi Afrika Mashariki, na safari yake kubwa ikaanzia Mumias. Ndiyo, Mumias hiyo hiyo unayoisikia ukitajiwa sukari. Wakati huo ilikuwa kituo cha misafara ya pembe. Kutoka hapo alielekea kaskazini hadi Karamoja, akiwa na wapagazi na punda, na huko alikaa miaka kama mitano. Ndipo akapata jina lililomganda hadi leo, Karamojo Bell.

Sasa tuje kwenye risasi. Kiswahili chetu kimehifadhi historia nzima ndani ya neno hili moja. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu, na pia ni yale madini laini yenyewe. Sababu ni rahisi: zamani kitu kilikuwa kimoja. Wawindaji waliyeyusha madini ya risasi motoni, wakamimina kwenye kalibu, wakapata tonge lao, kisha wakashindilia baruti wenyewe. Frederick Selous, yule aliyeuawa vitani mwaka wa 1917 huko Beho Beho, Tanzania ya leo, alianza hivyo katika miaka ya 1870. Gobore lake lilitupa tonge la robo ratili, na baruti aliichota kwa mkono kutoka kwenye mfuko wa ngozi. Kila akifyatua, bega linalia.

Kwa nini kubwa hivyo? Kwa sababu risasi laini ikigonga mfupa wa ndovu inabapa kama chapati. Ikibapa haizami. Dawa yao ilikuwa kuongeza uzito na baruti. Kisha ikaja baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu zaidi, na risasi zikaanza kuvalishwa koti la chuma ili zisibapike. Hata hivyo mazoea hayafi haraka. Matajiri waliendelea kubeba mizinga ya .577 na .600, bunduki za kilo sita na zaidi, zenye risasi ya gramu 48 hadi 58.

Bell aliangalia yote hayo akafanya hesabu yake. Akachagua milimita 7, ile ya Mauser, ambayo kampuni ya Rigby ya London iliiita .275. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu, yaani robo ya ile ya .577 na hata chini ya hapo. Ukisikia hivyo unaona kama ni kujiua. Lakini angalia umbo lake. Ni ndefu, nyembamba, kichwa cha duara, imefungwa koti gumu kote. Uzito wote unasukuma nyuma ya ncha ndogo, kwa hivyo inapenya mfupa ikiwa imenyooka. Msumari mwembamba huingia ubaoni, nyundo hubaki juu.

Kulikuwa na sababu nyingine mbili. Ya kwanza, bunduki nyepesi haipigi bega, kwa hivyo huogopi kifyatuo, na usipoogopa unalenga vizuri. Bell alibeba bunduki yake mwenyewe mchana kutwa, na mara kwa mara alifanya mazoezi ya kulenga bila risasi ndani. Ya pili ni kuaminika. Alishatumia bunduki nyembamba zaidi ya Mannlicher, ila risasi alizokuwa nazo zilimsumbua. Za milimita 7 zilizotengenezwa Ujerumani hazikumwangusha. Ukiwa hatua thelathini mbele ya ndovu, risasi inayogoma ni msiba.

Ila usije ukadhani siri ilikuwa kwenye chuma. Bell alichukua fuvu la ndovu akalipasua kwa msumeno katikati, kutoka mbele hadi nyuma, ajue ubongo umekaa wapi hasa. Alichora michoro ya kila upande. Akajifunza hata pigo la kutokea nyuma kwa mshazari, ambalo wawindaji wanaliita kwa jina lake mpaka sasa. Na hakuwa peke yake. Wakaramojong walimfunza nchi yao, na mmoja wao, Pyjale, alikuwa mfuatiliaji nyayo na rafiki aliyemwamini. Aliyeleta habari njema za ndovu alizawadiwa ng'ombe, na nyama ilibaki kwa wenyeji.

Basi kazi ikaenda. Karamoja, Sudan, Lado, Ethiopia, Liberia, Kongo. Alipomaliza, hesabu yake ilikuwa ndovu 1,011, na wengi wao, karibu 800, walianguka kwa ile risasi ya gramu 11.

Soma hiyo namba tena polepole. Elfu moja na kumi na moja. Mtu mmoja.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka akawa rubani, akaruka hata juu ya Tanganyika, akapewa nishani. Baadaye aliandika kitabu cha safari zake mwaka wa 1923, akaoa, akaishi Uskoti na mashua yake ya tanga, akafariki mwaka wa 1954.

Watu wa bunduki bado wanabishana juu yake. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa ndovu zinadai uanzie .375, kwa sababu si kila mtu ana mkono na subira ya Bell, na ukikosea kidogo unaacha mnyama akiteseka au anakugeukia. Kwetu Kenya mjadala huo ulifungwa mwaka wa 1977, uwindaji ulipopigwa marufuku.

Mimi Bell ananitatiza, na nataka akutatize na wewe. Upande mmoja nampenda. Alikataa kufuata umati, akasoma tatizo hadi ndani ya mfupa, akachagua kifaa kidogo kinachotosha. Ukiwa unajifunza kazi yoyote, kushona, kodi za kompyuta, kunyoa, hiyo ni akili ya kuiba. Upande wa pili, ustadi wote huo uliishia kwenye mipira ya biliadi na vitufe vya piano vya watu wa Ulaya. Yule aliyepasua fuvu kwa makini hivyo hakukosa akili ya kujua mwisho wa hesabu. Na kwa sababu alikuwa hodari, alimaliza wengi kuliko wazembe wengi waliobeba mizinga.

Ukitaka kuwaona ndovu wa Karamoja leo, nenda hifadhi ya Kidepo, kaskazini kabisa mwa Uganda. Wapo. Ukiwatazama, jiulize kazi unayoijua vizuri kuliko wenzako inamlipa nani, na inamgharimu nani.