Charles Stokes, Mchukuzi Aliyenyongwa Kongo

Malori ya Mombasa huvuka mpaka Malaba na Busia, yakaingia Kampala kwa barabara ya Jinja kupitia Nakawa. Shehena nyingine za Uganda hutoka Dar es Salaam na kuvukia Mutukula. Ushindani wa njia hizi mbili si mgeni. Ulikuwako tangu mizigo ilipochukuliwa vichwani mwa watu, na leo twawaletea askari wetu maisha ya mchukuzi mmoja mashuhuri wa enzi hiyo.

Charles Stokes alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1852. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1878 akiwa mtumishi wa misheni ya Kiingereza, akaongoza misafara yake. Baadaye aliiacha misheni, akaoa katika jamaa ya mtemi mmoja wa Unyamwezi, akafanya biashara yake mwenyewe. Undugu huo ulimpatia wapagazi, na pasipo wapagazi hapakuwa na biashara. Kila mmoja alibeba kiasi cha kilo 30, kwa safari ya miezi kutoka pwani hadi ziwani.

Njia ya Stokes ilikuwa ya kusini, kupitia Unyamwezi. Washindani wake walikuwa misafara ya Waarabu, kisha Kampuni ya Kiingereza, ambayo afisa wake Lugard aliingia Kampala Desemba 1890 kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Stokes alipeleka bidhaa bara na kurudi na pembe za ndovu. Alipeleka bunduki pia, na alimsaidia Kabaka Mwanga, aliyepinduliwa mwaka 1888, kukirudia kiti chake.

Mwaka 1894 alizifuata pembe hadi Kongo. Huko Dola ya Mfalme Leopold ilikuwa vitani na Waarabu, nayo ilitaka pembe zote zishuke magharibi kwa mto Kongo, zisiende pwani yetu. Stokes alikamatwa mwezi Desemba, akashitakiwa kumwuzia silaha Kibonge, adui wa Dola. Sheria ilimpa raia haki ya kukata rufani Boma. Kapteni Lothaire alimnyima haki hiyo, akamhukumu upesi, na tarehe 15 Januari 1895 Stokes alinyongwa.

Uingereza na Ujerumani zilikuja juu. Dola ya Kongo ikalipa fidia, faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishitakiwa Boma, kisha Brussels, mwaka 1896, na kote aliachiliwa.

Hatumtetei mwuza bunduki. Kosa hilo huua watu wengi. Lakini iwapo Stokes alikuwa na hatia, mahakama ya Boma ingaliithibitisha mbele ya ulimwengu. Kitanzi cha haraka kiliizika kweli pamoja na mtuhumiwa, na mzigo wa aibu ukabaki kwa Dola. Askari asimamishaye lori barabarani leo naye ameshika mamlaka makubwa. Kazi yake ni kukamata, kulinda ushahidi na kumfikisha mtu mahakamani. Hukumu si yake.