Gaston Planté: Mfaransa aliyeiachia dunia betri inayochajiwa

GIZA linapotanda na mwezi kukosekana angani, mitumbwi huondoka katika mialo ya Kibirizi na Katonga mjini Kigoma kwenda kusaka dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi mwanga uliowavuta samaki hao ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wavuvi wengi wameziweka kando na kutumia taa za betri, zikiwamo betri za madini ya risasi na tindikali, ndugu wa zile zinazowasha injini za magari.

Aliyebuni betri ya aina hiyo hakuwahi kulitia machoni ziwa hilo. Huyo ni Gaston Planté, mwanafizikia aliyezaliwa Aprili 22, 1834 katika mji wa Orthez, kusini magharibi mwa Ufaransa.

Jina lake liliingia vitabuni mapema, lakini si kwa sababu ya umeme. Mwaka 1855, akiwa bado kijana, aligundua karibu na Paris mabaki ya ndege mkubwa wa kale asiyeruka, ambaye wanasayansi walimwita Gastornis kwa heshima yake. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa katika maabara, alikokuwa msaidizi wa mwanafizikia Edmond Becquerel.

Februari 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya biashara kutoka pwani. Mwaka uliofuata, 1859, Planté alikamilisha mjini Paris kazi iliyokuja kubadili usiku wa mwambao huohuo.

Betri za wakati huo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Kemikali zikiisha nguvu, umeme nao ulikoma. Planté alitambua kwamba mabamba mawili ya risasi ndani ya tindikali ya salfuri, yakipitishiwa umeme, huuhifadhi na kuurudisha, kisha huweza kuchajiwa upya mara nyingi.

Kikwazo kilikuwa umbo. Umeme huhifadhiwa kwenye uso wa bamba, hivyo betri yenye nguvu ilihitaji bamba pana, na bamba pana halikuenea katika chombo kidogo. Planté aliyalaza mabamba mawili, akayatenganisha kwa kitambaa kizito, kisha akayakunja pamoja kama mkeka na kuyatumbukiza katika mtungi wa duara. Uso mpana ukaenea mahali padogo. Mwaka 1860 aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa betri yenye seli tisa za namna hiyo.

Sifa zilikuja, lakini soko halikuja. Mabamba yake yalihitaji kuchajiwa na kuishiwa umeme mara nyingi kabla ya kukomaa, kazi iliyokula muda mrefu. Aidha, mashine za kuzalisha umeme mwingi kwa bei nafuu zilikuwa hazijapatikana, hivyo betri mpya ilichajiwa kwa betri za zamani.

Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, alipaka mabamba hayo rojo la oksidi ya risasi, na muda wa kuyakomaza ukapungua sana. Wavumbuzi wengine wakafuata na mabamba bapa yenye matundu mfano wa wavu, yaliyojazwa rojo hilo na kusimamishwa sambamba ndani ya sanduku. Mkunjo wa Planté ukapisha sanduku, umbo linaloonekana hadi leo chini ya boneti za magari.

Mwaka huohuo Gustave Trouvé aliendesha mjini Paris baiskeli ya magurudumu matatu kwa umeme wa betri. Mwaka 1899 gari la umeme la Mbelgiji Camille Jenatzy, lililotumia betri za risasi, lilikuwa la kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Planté hakuliona. Alikuwa amefariki dunia Mei 21, 1889, akiwa na umri wa miaka 55.

Lakini hoja ya umbo haikuzikwa naye. Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japan mwaka 1997, gari linalotumia petroli na umeme kwa pamoja, seli zake za nikeli zilikuwa za duara, zenye mabamba yaliyokunjwa ndani. Toleo lililotoka mwaka 2000 lilihamia kwenye seli bapa.

Kila umbo lina faida na gharama zake. Seli ya duara huhimili msukumo wa ndani bila kuvimba. Hata hivyo, seli hizo zikipangwa kwa safu zilizonyooka, zaidi ya moja ya tano ya nafasi hubaki tupu, ingawa hewa ya kupoza hupita humo. Seli bapa hubanana bila kupoteza nafasi, lakini huweza kuvimba, hivyo hufungwa kwa vibano imara, na joto lake hutaka njia yake ya kutokea.

Urithi huo una upande wa hatari pia. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na betri iliyokufa ikitupwa ufukweni huyaharibu maji yaleyale yanayonywewa. Risasi hiyo huweza kuyeyushwa na kutumika tena, hivyo betri mbovu ni mali ya kurudishwa kwa wanaoichakata kwa usalama.

Ama kweli, Planté aliondoka bila kuyaona magari aliyoyatengenezea njia, wala taa zinazoelea usiku mbele ya Ujiji. Mkeka wake wa risasi ungali unakunjuliwa.