Shaaban Robert na Ujira wa Kalamu

Mwalimu mwanafunzi apelekwaye kufanya mazoezi katika shule za Sindeni, wilayani Handeni, hachelewi kukutana na swali la zawadi. Mtoto akijibu vema apewe nini: peremende, penseli, au makofi ya wenzake? Na siku mwalimu asipokuwa na kitu mfukoni, je, mtoto huyo atanyosha mkono tena? Ili tulitazame swali hili vizuri, twachagua maisha ya mtu wa mkoa wetu huu wa Tanga, ambaye sote tumemsoma darasani, ingawa ni wachache waliouliza ni kitu gani kilichomsukuma kuandika.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, akaingia Idara ya Forodha kuwa karani, na huko alidumu hata 1944. Baadaye alihamia idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi hata 1960. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, chakula cha nyumbani kwake kilitoka katika ukarani. Vitabu vilitoka katika saa ambazo hakuna mwajiri aliyezilipia.

Na vitabu vyenyewe vilikawia. Kufikirika, alichokiandika miaka ya 1940, kilitoka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti 3,000, nao ulitoka mwaka huo huo, na Utubora Mkulima 1968. Mtunzi alikuwa amefariki tangu Juni 1962. Mtu anayetazamia malipo tu angaliweka kalamu chini baada ya mswada mmoja kukosa mchapaji. Yeye aliendelea kuandika.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Alipewa medali ya kumbukumbu ya Margaret Wrong, na nishani ya M.B.E. ya serikali ya Kiingereza, akazipokea. Msomaji mwerevu ataongeza kwamba hata raha ya kutunga shairi, au tumaini la kukumbukwa, ni ujira wa namna yake. Twakubali, lakini kwa tahadhari: tukiita ujira kila kimpendezacho mtu, neno hilo litakuwa limebeba kila kitu na halitamsaidia mwalimu kuamua lolote. Tofauti imfaayo mwalimu ni kati ya malipo yaliyofungwa nje ya kazi, kama tai shingoni, na furaha iliyomo ndani ya kazi yenyewe. Shaaban Robert aliijua tofauti hiyo. Utubora wake huacha ofisi ambako angeongezwa mshahara, akaenda shamba kulima.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1973 na Lepper, Greene na Nisbett unafaa kukumbukwa hapa. Watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora waligawanywa: baadhi waliahidiwa cheti kabla ya kuchora, wengine walipewa cheti kwa ghafla baada ya kazi, na wengine hawakupewa kitu. Siku za baadaye, walioahidiwa ndio waliopungukiwa na hamu ya kuchora. Waliopewa bila kutazamia hawakudhurika.

Jambo hili hupitwa mara nyingi: watoto wale walikuwa wakiipenda kazi tangu mwanzo. Mtoto wa Sindeni ambaye hajapata kushika kitabu nyumbani yu katika hali nyingine, na peremende ya kwanza yaweza kumsogeza karibu na ukurasa. Lakini yule anayekwisha kaa chini ya mwembe akijisomea hadithi, mwalimu amwulize habari za hadithi hiyo, na peremende aiache mfukoni.